Mapanki, Fuvu la Kalenga na Kamera: Dokumentari Ikipotosha, Bili Analipa Nani?

Andika neno Mkwawa kwenye YouTube, halafu kaa chini uangalie. Video ni nyingi kinoma, na nyingi zinapita njia ileile: drone inaruka juu ya mawe makubwa ya Iringa, muziki wa huzuni unaingia, sauti nzito inasimulia, kamera inaingia makumbusho ya Kalenga na kusogea taratibu mpaka kwenye sanduku la kioo. Ndani kuna fuvu. Sauti inasema hili ndilo fuvu la Chifu Mkwawa. Muziki unapanda, unaombwa usabskraibu, kazi imeisha.

Sasa ngoja kidogo kwenye hilo neno "ndilo".

Stori yenyewe wengi wanaijua. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliwapiga Wajerumani kipigo ambacho hawakukitegemea, na kiongozi wao Emil von Zelewski akafia hapohapo. Wajerumani wakajipanga upya, Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa akaingia porini na kupigana kwa kuvizia karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa kule Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, kikasafirishwa Ujerumani. Mwaka 1919 fuvu lake likaingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles, ibara ya 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Fikiria: mkataba wa kumaliza vita ya dunia, na ndani yake kuna kichwa cha mtu wa Iringa.

Miaka ikapita, fuvu halionekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, akalifuatilia mwenyewe mpaka makumbusho ya Bremen. Huko alikuta mafuvu yapatayo 2,000. Hakuna hata moja lililokuwa na karatasi ya jina la Mkwawa. Basi ikatumika njia ya vipimo: vichwa vya ndugu wa Mkwawa vilipimwa, yakatafutwa mafuvu yanayokaribiana na vipimo hivyo, na kati ya hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Ndilo lililokabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Kipimo cha vinasaba hakikuwepo enzi hizo. Kwa hiyo anayetaka kusema ukweli mtupu atasema "linaaminika kuwa fuvu la Mkwawa". Ni maneno mawili matatu, hayachukui hata sekunde mbili kuyatamka. Lakini wakati wa kuhariri ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu yanapooza stori. Na hapo hakuna picha hata moja iliyoghushiwa. Kalenga ni Kalenga kweli, sanduku ni la kweli, fuvu ni fuvu. Uongo, kama upo, umepenya kwenye kauli iliyobandikwa juu ya picha.

Hii ndiyo ishu ya dokumentari tangu zilipofika nchi hii. Mara chache picha yenyewe inadanganya. Chai inapikwa katikati ya picha na picha: unaonyeshwa hiki, halafu kile, unajumlisha mwenyewe, na jibu likiwa baya mtengenezaji anasema mimi sikusema.

Sinema ya Vugiri

Mwaka 1935 kulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, na msimamizi wa kazi ya kupiga picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Mpaka ulipofungwa 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35, na lori la sinema lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia. Watu walikusanyika usiku kwa maelfu. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuona picha inatembea.

Filamu moja ilihusu benki ya posta. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaupeleka posta, mwingine anachimba shimo ndani ya nyumba anafukia. Mwizi anakuja, unajua kinachofuata. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida, nyumba ni za kawaida, kila kitu kinafanana na maisha. Ila hadithi ilikuwa imeshaandikwa kabla kamera haijawashwa, na mpumbavu alishachaguliwa. Huyo mwenye shimo hakuulizwa mshahara wenyewe ni shilingi ngapi, wala posta iko umbali gani.

Kitu cha kushangaza zaidi ni sauti. Filamu zilikuwa bubu, maneno yalirekodiwa pembeni kwenye santuri. Likifika eneo la lugha nyingine, wanabadilisha santuri, picha inabaki ileile. Yaani tangu miaka ya 1930 ilijulikana kuwa picha ni kama ukuta, unaweza kupaka rangi ya maneno yoyote unayotaka. Anayechukua leo klipu ya ajali ya zamani na kuiwekea maelezo mapya hajavumbua kitu.

Mwanza, sangara na ndege

Lakini kesi kubwa kuliko zote Tanzania ni ya Mwanza. Wengi mnaosoma hapa mlikuwa watoto, wengine hamjazaliwa, na ndiyo maana inabidi isimuliwe polepole.

Hubert Sauper ni mtengenezaji filamu kutoka Austria. Akiwa kwenye filamu yake ya awali kuhusu wakimbizi wa Rwanda kule Kongo, aliona ndege mbili kubwa za mizigo: moja imeleta chakula cha msaada, nyingine inabeba minofu ya samaki wa Ziwa Victoria kwenda Ulaya. Picha hiyo ikamkaa kichwani. Akaja Mwanza, na mwaka 2004 ikatoka Darwin's Nightmare.

Ndani ya filamu kuna sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 akawatafuna samaki wengi wa asili. Kuna viwanda vya minofu. Kuna marubani kutoka Urusi na Ukraine na ndege zao za Ilyushin. Kuna mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayezungumzia vita kama ajira. Kuna watoto wa mtaani wanaoyeyusha vifungashio vya samaki na kuvuta moshi wake. Kuna mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, yameanikwa kwenye vichanja, funza wanatembea, na mwanamke aliyeumia jicho kwa hewa chafu ya hapo. Na kuna dada mmoja, mpenzi wa kulipwa wa marubani, anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania huku rubani akimkatiza. Kabla filamu haijaisha, dada huyo anauawa na mteja.

Juu ya haya yote kuna swali ambalo Sauper analirudia kwa marubani: ndege zinakuja na nini? Mwanzo wanasema zinakuja tupu. Baadaye rubani mmoja anakiri kuwa aliwahi kupeleka vifaa vya kijeshi Angola. Mwandishi wa habari wa Mwanza, Richard Mgamba, anazungumzia silaha zinazopita kwa ndege kwenda kwenye vita vya ukanda huu. Lakini bunduki yenyewe, imeshushwa Mwanza, mbele ya kamera? Haipo. Ilikuwepo kwenye bango la matangazo Ufaransa: mfupa wa samaki uliounganishwa na umbo la bunduki. Bango likamaliza kazi ambayo filamu haikuweza kuikamilisha.

Filamu ikapaa. Tuzo ya dokumentari bora ya Ulaya 2004, tuzo ya César Ufaransa 2006, na mwaka huohuo ikaingia kugombea Oscar, ikashindwa na filamu ya ngwini. Ufaransa kukawa na watu wanahamasishana wasile sangara. Tafakari hapo: mtu wa Paris ameguswa sana na mvuvi wa Mwanza, kwa hiyo anaacha kununua samaki wa mvuvi wa Mwanza.

Nyumbani moto ukawaka. Tarehe 31 Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Mwanza, aliishambulia filamu hadharani, kwamba inaichafua nchi na kuua biashara ya samaki. Kukawa na maandamano Mwanza. Wengi walioandamana hawakuwa wameiona. Mgamba alikamatwa, akatishiwa kufukuzwa nchini kwa madai kwamba si Mtanzania. Sauper wakati huo alikuwa Ulaya.

Hii sentensi ya mwisho si ya kumtukana. Ni mahali tu alipokuwa. Lakini ukweli ni kwamba mtu mmoja kwenye filamu ile alikuwa na ndege ya kuondokea, na mwingine alikuwa na kitambulisho cha kutetea.

Ufaransa nako kukazuka ugomvi. Mwanahistoria François Garçon aliandika makala kisha kitabu, akisema hakuna ushahidi wa silaha na kwamba suala la mapanki limepindishwa. Akaenda mbali zaidi, akadai watoto walilipwa waigize. Sauper akampeleka mahakamani. Februari 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kumkashifu Sauper. Kwa hiyo anayekwambia leo kuwa mahakama ilithibitisha filamu ni ya kweli, amekosea. Na anayekwambia ilithibitika ni ya uongo, amekosea pia. Mahakama iliamua kuhusu maneno ya Garçon. Haikwenda Mwanza kukagua ndege.

Tuchukue mapanki, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Je, watu wanakula mapanki? Wanakula. Yanakaangwa, yanauzwa, na kuna watu wanayapenda kweli, wala si kwa njaa. Je, kuna mabaki yanayokwenda kwenye chakula cha mifugo? Yapo pia. Sauper hakuchora mapanki kwa kompyuta. Alichofanya ni kuweka ndege imejaa minofu inapaa, kisha funza. Ulaya wakaona watu wanaokula takataka za samaki wao wenyewe. Mama wa Mwanza anayeishi kwa kuuza mapanki, akatoa na ada za watoto humohumo, akaona biashara yake imegeuzwa aibu ya dunia. Picha ni moja. Na wote wawili wameona sawasawa.

Kuna jingine ambalo Sauper alilisema mwenyewe. Ili kupanda ndege za mizigo, yeye na mwenzake walijifanya marubani na wapakia mizigo, wakiwa na vitambulisho visivyo vya kweli. Vijijini watu waliwadhania wamisionari, na kwenye viwanda mameneja waliogopa huenda ni wakaguzi wa usafi kutoka Ulaya. Watetezi wake watasema bila hivyo asingepata kitu, na kwa marubani na mameneja pengine wana hoja: mwenye nguvu akificha mlango, unaingia dirishani. Lakini mwanakijiji aliyekufungulia roho akidhani wewe ni padri, yeye alificha nini?

Serikali nayo ilijifunza somo lake. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 ilirekebishwa 2019, na watengenezaji wa kigeni wakatakiwa kuwasilisha hadi picha ghafi walizorekodi. Ukiisoma kwa makini utaona inailinda zaidi sura ya nchi. Yule dada aliyekuwa anaimba hakuwa na tatizo la sura ya nchi. Aliuawa. Waliopiga kelele kuhusu samaki walikuwa wengi kuliko waliouliza kesi yake iliishia wapi.

Mbeya wanaijua hii

Watu wa Mbeya hawakuhitaji tuzo ya Ulaya kujua ladha ya haya mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ziliripotiwa habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi mkoani humo. Matukio yalikuwa ya kutisha, na familia zilizopoteza watu zilikuwa za kweli. Lakini habari ikiondoka mikononi mwa wafiwa inageuka lebo. Kijana wa Mbeya akifika chuo Dar, anataja kwao, anapokewa na utani wa ngozi. Aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule anaulizwa kana kwamba alikuwepo. Mwanza walibandikiwa samaki na bunduki, Mbeya wakabandikiwa ngozi, na kwenye lebo zote mbili hakuna jina la marehemu hata mmoja.

Ila isionekane kwamba kamera ikigeukia umaskini lazima itende dhambi. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake, wengi wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda mawe kwa mikono kule Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna sauti nzito ya kusimulia. Hakuna mtaalamu anayekuja kueleza. Nyundo inagonga, jiwe linapasuka, mtoto yuko pembeni, wanawake wanaimba, wanacheza, wanarudi kugonga. Mwanzo unachoka. Unasema mbona haiendi? Kisha unagundua kuwa wewe umechoka kwa dakika 20 na wao wapo hapo tangu asubuhi. Hakuna jibu ulilolishwa. Hiyo filamu haikuleta maandamano, haikuingia Oscar, na ukiuliza vijiweni wengi hawaijui. Umaskini ni uleule wa Mwanza. Kilichotofautiana ni kwamba hakuna mwanamke aliyewekwa pale kuthibitisha jambo ambalo mpiga picha alishaliamua kabla.

Mtu anaweza kusema M'mbugu-Schelling aliwezeshwa na uenyeji, lugha na muda. Kweli kabisa. Lakini uenyeji si dawa. Wanaotengeneza hizo video za Mkwawa ni wenyeji.

Chukua Ziwa Ngosi, kule safu ya Poroto, Mbeya. Vijana wanapanda msitu na simu zao, wanafika juu, wanarekodi maji yale ya kijani chini kabisa. Mwongozaji wa hapo anasimulia: wazee wanasema ziwa linabadilika rangi, wazee wanasema lina nguvu zake. Anajua anachosema. Ndiyo maana kila sentensi ameianza na wazee. Usiku, gesti, mhariri anaweka muziki, anakata "wazee wanasema" mara zote mbili, anabakiza uso wa mwongozaji na maneno yaliyobaki, anaandika juu kwa herufi nyekundu, anaposti. Asubuhi watengenezaji wameshapanda basi la Dar. Watazamaji wanaongezeka. Wiki ijayo wageni wanapanda mlima na simu mkononi, video imefunguliwa, wanamuuliza yule mwongozaji: wewe si ndiye uliyesema?